Laini Bila Simu

Bosi wangu alikuwa akiifungia simu ya duka ndani ya sefu kila alipotoka mjini. Si risiti, si funguo za gari: simu. Aliichomoa ukutani, akauzungusha waya wake kwenye mkono wa kusikilizia, akailaza juu ya vitabu vya benki na kufunga, ametugeuzia mgongo ili tusione namba. Alikuwa na sababu zake. Zamani mfanyakazi mmoja alizoea kuzungumza na mchumba wake aliyekuwa Dubai, bili ilipokuja bosi akalala na presha, na tangu hapo ikawa desturi ya nyumba kwamba familia ikisafiri simu inalala sefuni. Maduka mengine ya mtaa wetu yalifanya vivyo hivyo, kwa hiyo hakuna aliyeona ajabu. Ukutani, nyuma ya kaunta, kilibaki kitundu cheupe cha plastiki, na ndani yake laini nzima, hai, isiyo na pa kusikilizia wala pa kusemea.

Duka lilikuwa hardware, katikati ya Nakuru. Mabati, misumari, rangi, mifereji ya plastiki, saruji uani. Mimi nilikuwa msichana wa hesabu, na nililala katika chumba kidogo nyuma ya stoo kwa sababu bosi aliamini kwamba mtu anayelala dukani hachelewi kazini. Nyumbani kwetu ni Olenguruone, juu kule Mau, ambako mama alikuwa na shamba la viazi na ng'ombe wawili wakorofi. Baba alikufa nikiwa shule ya msingi. Mtoto nilikuwa mmoja tu, kwa hiyo wasiwasi wote wa mama ulikuwa na anwani moja.

Sasa habari ya kompyuta. Katikati ya mwaka wa 2007 virusi viliila tena Windows yetu, ambayo hata hivyo ilikuwa ya kunakili, na hesabu za miezi miwili zikaenda nayo. Mpwa wa bosi aliyekuja likizo kutoka ng'ambo akaniachia CD ya Linux. Akasema ni mfumo ambao watu wa dunia nzima wanaujenga kwa hiari na kuugawa, mtu yeyote anaruhusiwa kuufungua na kuutazama ndani. Bosi hakusikia hayo yote. Alisikia neno moja.

"Bure kabisa? Hakuna lipa hata kidogo?"

"Bure, mzee."

"Basi weka. Weka leo."

Niliweka. Rangi zikapendeza, hesabu zikafanya kazi, printa ikaitika. Modem, kile kifaa cha kuiunganisha kompyuta na laini ya simu, ikakataa. Na bila modem hakuna intaneti, na bosi alikuwa akiwaandikia wauzaji wa mabati wa Nairobi kwa barua pepe kila asubuhi, akikaa pale na glasi ya chai akisikiliza modem ikipiga kelele zake. Sasa ikabidi avae koti aende cyber, duka la kukodi intaneti, apange foleni na vijana. Kila alipotoka huko alinitazama kana kwamba nimemuuzia ng'ombe mgonjwa.

"Wewe naharibu kompyuta yangu na kitu ya bure," alisema.

Nilikasirika, na hasira yangu ni ya watu wasiolala. Nilisoma kila nilichoweza kusoma. Niligundua kwamba modem iliyokuwa ndani ya kompyuta ile ilikuwa nusu modem. Kiwandani waliweka kipande cha chuma tu, kazi iliyobaki wakaiachia programu, ile inayoitwa draiva, na draiva hiyo iliandikwa kwa ajili ya Windows. Kulikuwa na mtu mahali fulani aliyeandika nyingine kwa ajili ya Linux. Niliipakua cyber, nikaileta kwa flash, nikakuta imekuja mbichi. Ilitakiwa ipikwe na kompyuta yenyewe, na kompyuta yangu haikuwa na sufuria: ilitaka programu ya kupikia, na ilitaka vipande vya kernel, yaani kiini cha mfumo, vinavyolingana na kiini changu kabisa. Nikarudi cyber nikavileta. Vikasema vinategemea vingine. Nikavileta hivyo vingine. Vikasema si toleo lao. Ujumbe wenyewe ulikuwa wa adabu sana, ukinishauri nijiunge na intaneti ili mfumo uchukue unachohitaji wenyewe.

Hebu fikiria. Ili nipate draiva niwe na intaneti, na ili niwe na intaneti niwe na draiva. Nilicheka peke yangu mara ya kwanza nilipoelewa. Baadaye nikaacha kucheka, nikaiacha na draiva yenyewe, na mwaka ukaisha bosi akiwa bado anapanga foleni cyber.

Kisha uchaguzi ukaja na yaliyofuata yakafuata. Kila mtu anayajua, na kila mtu anayajua kwa upande wake, kwa hiyo sitayarudia. Kwetu Olenguruone kulianza kuungua kabla ya Nakuru. Katikati ya Januari mama alinipigia kwenye simu yangu ya mkononi kutoka ofisi ya misheni. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayeniambia mvua imenyesha.

"Nyumba wamechoma. Niko kwa masista. Usikuje."

"Mama, nakuja kesho."

"Nimesema usikuje. Hiyo barabara wanasimamisha magari wanauliza watu majina. Kaa hapo kwa Mhindi wako."

Bosi naye aliona moshi ukisogea, akaichukua familia yake kwenda Nairobi, kwa siku mbili, alisema. Pamoja na haraka yote hiyo, na mke wake akipiga honi nje, hakusahau kuichomoa simu na kuilaza sefuni. Nilimsihi aiache. "Siku mbili tu," akasema, akageuka kuficha namba.

Siku iliyofuata Nakuru ikalipuka. Nilikuwa nimetoka kununua mkate. Watu wakaanza kukimbia upande huu, kisha wakakutana na wanaokimbia kutoka upande ule, na mimi nikawa katikati. Nilipofika mlangoni soja akanivuta ndani kwa kola na kuteremsha mlango wa chuma. Mkate nilikuwa nao. Simu sikuwa nayo. Iliangukia huko nje, nadhani mtaroni, na sikurudi kuitafuta.

Huyo soja ndiye mlinzi wa duka, mwanamume wa makamo mwenye koti la jeshi alilolinunua mitumba na baiskeli aliyoipenda kuliko watu. Simu ya mkononi hakuwahi kuwa nayo. Watu wake walikuwa upande wa Subukia. Yeye na mimi hatukuwa wa kabila moja, na makabila yetu ndiyo hasa yaliyokuwa yakifukuzana nje ya mlango ule. Kabla ya hapo tulikuwa tukitaniana juu ya jambo hilo kila siku, jinsi watu wake wanavyopenda maziwa na wangu wanavyopenda shilingi. Siku ile utani ulikwisha. Yeye angeweza kupita mitaa fulani akafika salama, mimi ningeweza kupita mingine, na hapakuwa na hata mmoja ambao tungepita pamoja. Hata lugha zetu za nyumbani tuliziacha. Tulizungumza Kiswahili kwa sauti ya chini, kama watu waliokodi chumba na kumwogopa mwenye nyumba.

Ndivyo tulivyofungiwa. Kafyu ilianza jua likitua, lakini hata mchana hapakuwa na pa kwenda. Kupitia upenyo wa mlango niliona kipande cha barabara, kiatu kimoja cha mtoto, na askari wakipita. Tulikula mchele wa bosi na maharagwe aliyokuwa nayo soja. Uani kulikuwa na bomba. Stoo ilinuka turpentine, yale mafuta ya kuzimulia rangi, na tuliogopa moto kuliko panga, kwa maana cheche moja tu kwenye makopo yale na hakuna ambaye angetuzika kwa sababu hakungekuwa na cha kuzika. Kwenye redio ya soja walisema hali imetulia. Kisha walisema misheni za upande wa Mau zimejaa watu na baadhi zimezingirwa. Hawakutaja ni zipi.

Nilizunguka duka lile mpaka soja akalalamika.

"Madam, keti chini. Unanizungusha kichwa."

"Mama yangu yuko huko."

"Najua. Wewe umesema tangu asubuhi. Kwani ukitembea hapa ndani yeye anasikia?"

Nilimchukia kwa dakika nzima. Kisha nikaketi, na kwa kuwa nilikuwa nimeketi mbele ya kompyuta, nikaiwasha. Umeme ulikuwapo, jambo ambalo sijapata kulielewa. Mji unaungua na taa zinawaka. Nikakitazama kile kitundu cheupe ukutani. Laini ilikuwa hai. Nilichohitaji ni kitu kinachojua kuzungumza na laini, na kitu hicho kilikuwa ndani ya kompyuta, kimekataa kazi tangu mwezi wa nane. Kama ningekiamsha, ningetuma barua pepe kwa bosi. Bosi angewapigia masista. Angeniandikia jibu la maneno mawili, yuko au hayupo.

Nikaichomeka flash. Makosa yale yale yakanikaribisha, ya adabu vile vile. Niliyasoma kwa makini kuliko nilivyowahi kuyasoma, kwa sababu zamani nilikuwa na cyber ya kukimbilia na sasa nilikuwa na macho tu. Na ndipo nilipoona sentensi ambayo nilikuwa nimeiruka miezi yote hiyo. Mfumo ulikuwa ukisema kwamba programu ya kupikia haijawekwa, na kwamba ningeweza kuingiza CD niliyowekea mfumo. CD yenyewe. Sufuria ilikuwa imo ndani ya CD ya mpwa wa bosi tangu siku ya kwanza, pamoja na vipande vya kiini kile kile, kwa sababu walioitengeneza walijua kuna watu kama mimi duniani. Na mimi, msomi, nilikuwa nikienda cyber na kurudi.

Nikatafuta CD. Mezani haikuwapo, wala kwenye droo. Nikapekua masanduku ya misumari huku nikilia, na soja akaja kuuliza ninatafuta nini.

"CD. Ile inang'aa, ya mpwa wa mzee."

Akaenda uani pole pole, kama mtu anayekwenda kuonyesha jambo la aibu. Nyuma ya baiskeli yake, chini ya kiti, CD ilikuwa imefungwa kwa waya, ing'ae gari likimulika.

"Niliona imekaa tu kwa meza," alisema. "Nikadhani ni takataka."

Sikumkemea. Nusu ya baiskeli za Nakuru zilikuwa na CD nyuma siku hizo. Tuliiosha kwa sabuni, tukaisugua kwa dawa ya meno kutoka katikati kwenda nje, yeye akishika kitambaa na mimi nikitoa amri. Kompyuta ikaisoma, ikakwama, ikaisoma, ikakwaruza kama inakula mchanga. Alisimama nyuma yangu akipumulia shingo yangu. Faili moja ilikataa kabisa, nikaitoa CD, nikaisugua tena, nikairudisha. Ikapita.

Nikaipika draiva. Mistari ikapanda kwenye skrini kwa haraka, mingi ikilalamika, lakini hakuna iliyosimamisha kazi. Mwisho modem ikajitokeza kwenye orodha ya vifaa, kwa jina refu la ajabu. Nilipiga kelele. Soja akaniziba mdomo kwa mkono wake ulionuka dawa ya meno, kwa maana nje kulikuwa na watu.

Tulidhani tumemaliza. Nikachomeka waya kutoka kwenye kompyuta hadi ukutani, nikaiamuru ipige namba ya kampuni ya intaneti. Ikajibu kwamba laini haina mlio. Ilikuwa nao, ila modem ile ilitengenezwa nchi ambako simu hulia kwa namna nyingine, na bila Windows ya kuitafsiria, mlio wetu haikuutambua. Nilikumbuka kusoma kwamba kuna amri ya kuiambia isisubiri mlio wowote, ipige tu kama kipofu. Nikaandika amri hiyo. Kwenye spika ndogo ya kompyuta tukasikia namba zikibonyezwa, kisha ule mlio wa kuita, kisha kelele za modem mbili kusalimiana, zile zile za chai ya bosi. Machozi yalinitoka. Kelele zikanyamaza, tukaunganishwa, na mara tu baadaye tukakatwa.

Nilijaribu tena. Tukakatwa tena. Jina na neno la siri vilikataliwa. Bosi alikuwa ameacha kulipia akaunti ile tangu alipoanza kwenda cyber, na nani angemlaumu? Alikuwa na modem iliyokufa.

Hapo nilikata tamaa kabisa, na sitaki kulipamba neno hilo. Nililala kifudifudi juu ya kaunta. Kila mlango niliofungua uliniingiza kwenye chumba kingine kilichofungwa. Soja akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya msumari:

"Lakini hiyo kitu imepiga namba?"

"Imepiga ya intaneti. Imekatwa."

"Nauliza, si imepiga? Imeita?"

"Ndio."

"Kwani inajua ni namba ya nani?"

Niliinuka. Namba ya misheni niliijua kwa moyo. Nilifungua dirisha la amri, nikaiambia modem iache spika wazi muda wote, nikaandika namba ile. Ikaita. Ikaita. Kisha mtu akapokea, na ndani ya hardware ya Nakuru, katikati ya makopo ya rangi, ikasikika sauti ya Sista wa ofisini.

"Haloo, misheni."

"Sista!" nilipaza sauti. "Sista, ni mimi!"

Nilikuwa ninaipigia kelele kompyuta ambayo haikuwa na pa kusikia. Nyuma ya Sista kulikuwa na sauti za watu wengi, watoto wakilia, ndoo, mtu akikohoa. Modem yangu ikaanza kutoa milio yake mifupi ya kutafuta modem mwenzake.

"Haloo? Haloo? Nani?" Kisha akamwambia mtu aliye karibu: "Ni faksi, na karatasi imeisha." Akakata.

Misheni ilikuwa imesimama. Kulikuwa na watu hai ndani yake. Hayo nilijua sasa, na yalinitesa kuliko kutojua, kwa sababu katika zile sauti zote za nyuma nilikuwa nimetega sikio kumtafuta mmoja anayekohoa kama mama, na sikuwa na hakika. Nilikuwa na sikio bila mdomo. Nilipiga tena, Sista akasema faksi tena, kwa hasira zaidi, akakata tena. Ningeendelea angeichomoa simu.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo kijana wa leo huenda hajui. Siku zile hakuna aliyepiga simu kama angeweza kuflashi. Unapiga, inaita, unakata kabla haijapokelewa, na mwenzako anaelewa kulingana na mlivyopatana. Mama na mimi tulikuwa na mapatano yetu, ya tangu kabla sijanunua simu ya mkononi. Kila niliporudi Nakuru kutoka nyumbani, niliiflashi simu ya misheni mara mbili, kuita kumoja kila mara, maana yake nimefika salama. Sista aliyesikia alimwambia mtoto yeyote aliyekuwa karibu, mtoto akakimbia kwa mama. Na mama alipopata nafasi ya kupita misheni aliiflashi simu ya duka mara moja, maana yake nimesikia. Masista walilalamika kwamba ofisi yao imegeuzwa kengele ya kanisa, lakini namba ya duka waliiandika ukutani.

Basi sikuhitaji mdomo. Niliandika namba, nikasikiliza, ikaita mara moja, nikakata. Nikaandika tena, ikaita mara moja, nikakata. Kisha nikakunja mikono na kutazama skrini. Kama kuna simu inayoingia, modem huandika neno moja la Kiingereza, RING, hata kama hakuna kengele ya kulia. Soja hakujua kusoma Kiingereza kingi, lakini nilimwonyesha herufi zitakavyokuwa, akavuta debe la rangi akaketi.

Jua lilikuwa linashuka. Nje gari la askari lilipita likitangaza watu waingie ndani, jambo ambalo sisi tulikuwa tumeshalitimiza kupita kiasi. Nilikuwa nimeanza kujiambia kwamba yule Sista ni mgeni, kwamba hajui mapatano yetu, kwamba ukuta wenyewe huenda umepakwa rangi. Ndipo neno likajiandika. RING. Mara moja tu. Kisha hapana kitu.

"Ni hiyo?" soja aliuliza.

Nilitikisa kichwa kwa ndiyo, nikatikisa tena. Mama yangu alikuwa hai, alikuwa amesimama karibu na simu ile, alikuwa amenyoosha kidole chake akabonyeza namba. Nilimwona kabisa, na leso yake ya kijani. Soja alicheka kwa kwikwi, kisha akafuta uso kwa mkono wa koti.

"Una bahati," alisema. "Mimi wangu hawana hata simu ya kukataa kupokea."

Tangu siku ile tulikuwa na saa yetu. Kila jioni kabla ya kafyu niliflashi mara mbili, na kila jioni jibu lilikuja. Mara nyingine lilichelewa nikauma kucha, lakini lilikuja. Lilinituliza, na lilinifunga pia. Wakati mmoja askari walipita mtaani wakisema wana lori linalopeleka watu showground, kwenye kambi ya waliofukuzwa makwao, na anayetaka usalama apande. Soja alisema niende, kuna watu wangu huko. Nilikataa. Kambini hakungekuwa na laini. Mama angejibu nani? Nilibaki kwenye giza lile la turpentine kwa hiari yangu, mimi niliyekuwa nikilia kwamba nimefungiwa, kwa sababu ya neno moja la herufi nne kila jioni.

Bosi alirudi wakati viongozi walipoanza kukaa meza moja na maduka yakaanza kufunguliwa nusu mlango. Alitukuta tumekonda na duka halijaguswa, akatushika mikono wote wawili kwa muda mrefu, jambo lisilo la kawaida yake. Kisha akafungua sefu. Sikungoja. Nilimnyang'anya simu mkononi, nikaichomeka ukutani, nikapiga misheni, na kwa mara ya kwanza tangu Januari nilikuwa na mdomo.

"Sista, ni mimi, wa Nakuru, wa duka. Naomba uniitie mama."

"Mama yako hayuko huku," Sista alisema. "Aliondoka na lori la kwanza la askari, kabla hata hujaanza kuflashi. Yuko huko kwenu, Nakuru. Showground."

Sikumbuki kama niliaga. Nilitembea, nikakimbia, nikatembea. Si mbali. Ni mwendo ambao siku nyingine ningeufanya kwenda kununua viatu. Kulikuwa na hema nyingi nyeupe na matope, na kila mwanamke aliyejifunga leso alikuwa mama mpaka alipogeuka. Nilimkuta wa kwangu ameketi juu ya mtungi wa maji uliolazwa, miguu yote miwili imefungwa bandeji. Alikuwa ametembea msituni usiku ule nyumba ilipoungua, nyayo zikachanika, zikaoza, na tangu ashushwe pale hakuweza kufika hata langoni. Watu waliokuja kambini kutoka mjini walimwambia kwamba mtaa wa mahardware uliungua wote.

Nilipiga magoti kwenye matope nikamshika. Hakulia. Alinisukuma kidogo ili anione uso.

"Ulipiga?" aliuliza.

"Nini, mama?"

"Simu ya masista. Nikipanda lori nilimwambia Sista, huyo mtoto ni kichwa ngumu, asipojibiwa ataingia kwa barabara anitafute, na hiyo barabara itammeza. Ikilia mara mbili, mjibu mara moja. Kila siku, hata kama mimi siko." Alishika mikono yangu miwili, akaigeuza viganja juu, kama anayetafuta kidonda. "Ulipiga?"

"Nilipiga, mama. Kila jioni."

Alijifunika uso kwa leso, na mabega yake yakaanza kutikisika.

"Mimi sikuwa najua," alisema.